MAANA YA MANENO: Ratili, Frasila na Kibaba

Mwanafunzi mmoja wa Panda, hapa hapa Likasi, ametuletea swali. Asema kwamba kanisani alisikia Injili ya Yohane, pale panaposimuliwa jinsi Maria wa Betania alivyoipaka miguu ya Bwana wetu Yezu Kristu kwa ratili ya marhamu ya nardo. Alipofika nyumbani akamwuliza baba yake: "Baba, ratili moja ni kilo ngapi?" Baba yake, aliyefanya kazi ya shaba tangu ujana hata mvi, akamjibu: "Mwanangu, mimi nimepima kwa kilo na kwa tani maisha yangu yote. Ratili sijaiona hata siku moja. Waulize wale wanaoandika."

Basi tumeulizwa, nasi hatuna budi kujibu. Lakini maneno ya uzito yamefungamana kama nyuzi za mkeka: ukivuta mmoja, mwingine hufuata. Kwa hiyo leo hatutasema juu ya ratili peke yake. Tutawaita na ndugu zake.

Tuanze na kitendo chenyewe. Kupima ni neno letu la Kibantu, wala hatukuliazima kwa mtu. Jirani zetu Wabemba nao husema ukupima. Neno zito ni letu vilevile, nalo lina maana mbili tangu zamani: mzigo mzito na neno zito, yaani neno lisilopeperushwa na upepo. Bali mizani ni mgeni. Limetoka kwa Waarabu, katika kitendo chao cha kupima uzito, na katika mzizi uo huo tumepata pia uzani. Wazee wetu walipima kwa kikapu, kwa konzi, kwa mzigo na kwa hesabu. Wafanya biashara wa pwani walipokuja walileta mizani ya sahani mbili na majina ya mawe yake.

Majina hayo ni haya, kwa desturi ya Unguja. Dogo ni wakia. Wakia moja ilikuwa uzito wa riale moja ya fedha, ile yenye kichwa cha Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Nayo ni gramu 28 hivi. Wakia 16 zafanya ratili moja, ndiyo gramu 450 kwa kukadiria. Ratili 3 zafanya mani moja. Mani 12 zafanya frasila moja, yaani ratili 36, ingawa wafanya biashara wengine walihesabu 35. Kwa vipimo vya leo frasila ni kilo 16 hivi.

Frasila ndiyo iliyotufikia huku bara. Pembe za ndovu zilinunuliwa kwa frasila; karafuu za Unguja ziliuzwa kwa frasila hata katika karne ya 20. Tippu Tip, katika habari za maisha yake alizozieleza mwenyewe kwa Kiswahili, alihesabu pembe zake kwa frasila. Misafara ya pwani ilifika hata Bunkeya, mji wa Msiri, mfalme wa Wayeke aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, nayo ilitafuta pembe na shaba ya nchi hii yetu. Na mpagazi wa msafara alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, mbali na kitanda chake, chungu chake na posho yake. Msomaji atakayetaka kuijua frasila asitazame kitabu. Na ajitwike gunia la kilo 32 kichwani, atembee toka Panda hata Kambove kwa miguu, kisha atuambie.

Sasa tulifuate jina la ratili. Waarabu husema ratl. Nao hawakulibuni wenyewe, bali lilitoka katika neno la Kigiriki litra, na litra ni ndugu wa libra ya Waroma. Libra ikazaa lira ya Waitalia na livre ya Wafaransa, na ndiyo sababu Waingereza huandika herufi lb wanapotaja pauni ya uzito. Lakini pauni nayo ni neno la Waroma, lenye maana ya kupimwa kwa uzito. Tena angalieni jambo hili: pauni, lira na livre yalikuwa majina ya uzito kwanza, kisha yakawa majina ya fedha. Peso ya Wahispania vilevile, maana yake ni uzito tu. Zamani fedha haikuhesabiwa kwa karatasi. Iliwekwa juu ya sahani ya mizani.

Na wakia? Hii ni uncia ya Waroma, maana yake sehemu ya kumi na mbili, kwa kuwa libra yao iligawanyika katika uncia 12. Uncia ikapita kwa Wagiriki, ikafika kwa Waarabu, ikapanda jahazi, ikashuka Unguja ikiitwa wakia. Ndugu yake akapita njia ya Uingereza, akawa inchi, sehemu ya kumi na mbili ya futi. Hivyo fundi seremala anayetaja inchi na sonara wa pwani anayetaja wakia hutumia neno lilelile, wala hawajui.

Turudi sasa kwa mwanafunzi wetu. Ratili ya Injili si ile ya Unguja. Ni litra ya nyakati za Waroma, gramu 327 hivi. Yaani marhamu ya Maria yalikuwa pungufu kidogo ya theluthi moja ya kilo. Ni kidogo? La! Yuda alisema yangaliweza kuuzwa kwa dinari 300, na katika mfano wa shamba la mizabibu dinari moja ni mshahara wa mtu wa kutwa. Ukiondoa siku za Sabato na sikukuu, dinari 300 ni kazi ya mwaka mzima. Mwaka mzima wa jasho ulimwagwa katika saa moja. Asiyejua uzito wa ratili na thamani ya dinari hawezi kuelewa kwa nini watu mle chumbani walinung'unika.

Tena Yohane huyo huyo asema kwamba Nikodemo alileta manemane na udi, yapata ratili 100, kwa maziko ya Bwana wetu. Zidisheni: ni kilo 32 au 33. Nazo ni frasila mbili! Kumbe Nikodemo, mtu mkubwa, mwalimu wa Israeli, aliyekuja mara ya kwanza usiku kwa kuogopa watu, siku ya maziko alileta mzigo kamili wa mpagazi.

Talanta ni kubwa kupita zote. Kwa Kigiriki talanton maana yake ya kwanza ilikuwa sahani ya mizani, kisha kitu kinachopimwa. Ilikuwa na mane 60, na uzito wake ulitofautiana nchi kwa nchi, kilo 26 mahali pengine, zaidi ya 30 mahali pengine. Talanta moja ya fedha ilihesabiwa dinari 6,000. Mtu wa kutwa akifanya kazi siku 300 kila mwaka, atazipata baada ya miaka 20. Kwa hiyo yule mtumishi aliyepewa talanta moja tu asidhaniwe kwamba alipewa kidogo akakata tamaa. Aliizika ardhini mishahara ya miaka 20. Leo tunaposema kijana fulani ana talanta ya kuimba au ya hesabu, twautumia mfano huo, nasi tumesahau kwamba neno hilo lilikuwa mzigo wa fedha usiochukulika kwa mkono mmoja.

Tumetaja mane. Hilo ndilo neno la kale kuliko yote. Watu wa Babiloni walilitumia maelfu ya miaka iliyopita. Waebrania wakasema mane, Wagiriki mna, Waarabu mann, nasi tukapata mani. Na hapa tutawafunulia wasomaji wetu jambo litakalowafurahisha. Mnakumbuka karamu ya mfalme Belshaza katika kitabu cha Danieli, na mkono ulioandika ukutani maneno mene, tekeli na peresi. Mwaka 1886 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Charles Clermont-Ganneau, alionyesha kwamba maneno hayo yaweza kusomwa kuwa majina ya mawe ya mizani. Mene ni mane. Tekeli ni shekeli, na katika mzizi huo huo Waarabu wana mithkali. Peresi ni nusu ya mane. Wenye hekima wa mfalme wakatazama ukutani, wasiweze kuyaeleza. Danieli akayasoma kama vitendo: kuhesabu, kupima, kugawanya. Ufalme umehesabiwa, mfalme amepimwa akaonekana mwepesi, nchi imegawanywa. Basi ile mani waliyopimia pembe za ndovu huko Unguja ni jina lilelile lililomtetemesha Belshaza.

Watu watatuuliza: je, nchi yetu yenyewe haikuwa na kipimo? Ilikuwa nacho, tena cha shaba. Wazee wa Katanga, wanaoiita shaba mukuba, waliichimba mawe yake, wakayayeyusha katika tanuru za udongo, wakaimimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Katika makaburi ya Sanga, penye ziwa Kisale, wachimbuaji wa mwaka 1957 na 1958 waliikuta misalaba hiyo pamoja na mifupa ya watu wa kale. Baadaye mtaalamu Pierre de Maret aliipanga kwa umri wake. Ile ya kwanza ilikuwa mikubwa, wala haikufanana sana. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, tena yenye kufanana, mingine mingi karibu na mikono na kiuno cha marehemu. Maana yake nini? Kitu kinachofanana hakihitaji mizani: chahesabiwa tu. Uzito ulikuwa umekwisha kupimwa ndani ya kalibu, nao ukawa fedha. Ndiyo njia ileile ya pauni na lira, ila wazee wetu waliipita wenyewe bila Roma. Tena wasomaji wetu wasidanganyike na umbo lake: misalaba hiyo ilikuwapo kabla ya mmisionari wa kwanza kufika, wala haikuwa alama ya dini yetu. Umbo hilo lilikumbukwa sana, hata mwaka 1961 fedha za Katanga iliyojitenga zilipigwa chapa ya msalaba wa shaba.

Tumeutaja mzigo, tumeitaja fedha. Sasa tutaje chakula, kwa maana hapo ndipo neno la kipimo linapomwumiza mtu au kumponya.

Pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, vibaba vinne ni pishi moja. Hivi ni vipimo vya chombo, si vya mawe, lakini watu walivihesabia uzito: pishi ya nafaka ni kilo mbili na nusu au kupita kidogo. Methali yasema: haba na haba hujaza kibaba. Wengi huisema wakidhani kibaba ni chombo kikubwa. La, kibaba ni kidogo. Mpagazi wa msafara alipewa kibaba kimoja cha nafaka kuwa posho ya siku moja. Kwa hiyo methali haifundishi utajiri. Yafundisha jinsi mtu maskini anavyokipata chakula cha leo.

Na posho ni neno ambalo Panda yalijua vizuri. Wafanyakazi wa Union Minière walipokuja kambini pamoja na jamaa zao, toka Kasai, toka Rwanda na toka vijiji vya Katanga, walipimiwa posho: unga, nyama, maharagwe, mafuta, kila jamaa kwa hesabu yake. Desturi ya kupokea unga toka kwa kampuni ilikaa miaka mingi, hata baada ya Gécamines kushika mahali pake mwaka 1967. Mzee mmoja wa hapa alituambia: "Siku ya posho mama watoto alisimama mbele ya mizani, macho kwenye mshale, hata nzi hakumpotezea akili." Hivyo kibaba cha mpagazi na posho ya Panda ni jambo moja: chakula kilichopimwa kwa ajili ya mtu aliyefanya kazi.

Sasa posho hiyo haipo, nasi twanunua sokoni. Twanunua unga wa bukari kwa meka. Sisi wenyewe, juma moja lililopita, tulinunua meka tatu kwa mfanya biashara mmoja ambaye hatutamtaja. Bei yake ilikuwa nafuu kidogo kuliko ya jirani zake, tukafurahi. Nyumbani unga ukapimwa tena, ukapungua karibu nusu meka. Tulirudi siku ya pili si kwa kugombana bali kwa kutazama, tukakiona chombo: kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo, kimeingia ndani kama tumbo la mwenye njaa. Mama mmoja aliyesimama pale akatuambia kwa sauti ya chini: "Baba, sisi sote twajua. Lakini mwenye fedha kidogo atakwenda wapi?"

Neno hilo lilitushika. Tajiri anunuaye gunia zima halipotezi kitu kwa kitako cha meka. Anayepotewa ni yule anayenunua meka moja moja, kila siku, kwa fedha ya siku ile. Kwake yeye methali imegeuzwa: haba na haba humwaga kibaba.

Hali ni ileile kwa vijana wetu wanaochimba madini kwa mikono katika milima ya hapa karibu. Mchimbaji huleta gunia la mawe. Mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye mwenye chombo cha kupima kiasi cha madini katika jiwe, ndiye asomaye hesabu. Malalamiko juu ya mizani hizo yamesikika mara nyingi katika nchi yetu. Mtu aliyeingia shimoni kwa hatari ya maisha yake hutoka juani akakuta kwamba uzito wa jasho lake umeamuliwa na mwingine. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeuchukua huuona mwepesi.

Wafasiri wa Biblia walipofika katika kitabu cha Ufunuo, pale farasi mweusi anapotokea na mpandaji wake akiwa na mizani mkononi, wengine walitumia neno kibaba kwa kipimo cha ngano kinachouzwa kwa dinari moja. Walichagua vyema sana. Kipimo cha Kigiriki kilichoandikwa pale kilikuwa chakula cha mtu mmoja kwa siku moja, kama kibaba cha mpagazi. Na dinari ni mshahara wa siku moja. Basi maana yake ni kwamba baba atafanya kazi kutwa nzima, atapata chakula cha tumbo lake peke yake. Mkewe atakula nini? Na watoto je? Hiyo ndiyo njaa, nayo imeandikwa kwa maneno mawili tu ya vipimo. Jamaa nyingi za Panda hazihitaji mwalimu wa kuwaeleza sura hiyo.

Limebaki neno la leo, kilo. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya elfu. Na gramu ilikuwa jina la uzito mdogo sana wa Wagiriki. Wafaransa waliyaunganisha mwishoni mwa karne ya 18, kwa kusudi kwamba watu wote wawe na kipimo kimoja, asiwepo bwana mwenye ratili yake na mji wenye ratili nyingine. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha platini na iridi kilichotunzwa Sèvres, karibu na Paris. Tangu tarehe 20 Mei 2019 haitegemei tena kipande chochote. Wataalamu wameifunga katika hesabu ya maumbile isiyobadilika popote. Hakuna nyundo iwezayo kuigonga kitako.

Lakini wataalamu wote wa Sèvres hawawezi kuja kusimama katika soko la Panda. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria Mungu aliwakataza Waisraeli kuwa na mawe mawili mfukoni, moja kubwa na moja dogo: kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Waebrania waliliita jiwe la mizani kwa jina hilo tu, jiwe. Hakuna neno gumu hapo. Hata mtoto wa darasa la kwanza ajua kwamba jiwe moja si mawe mawili.

Kwa hiyo, mwanafunzi wetu, ratili yako ni gramu 327, na umetufundisha mengi kwa swali lako. Enyi akina mama mnaouza, nyosheni vitako vya meka zenu. Enyi mnaonunua, msione haya kuomba kupimiwa tena; kuomba haki si ugomvi. Na ninyi watoto wa shule, kazi yenu ya juma hili ni hii: chukueni meka ya nyumbani, ijazeni unga, mwipime kwa mizani mara tatu katika maduka matatu, mwandike mnachokiona. Tuleteeni hesabu zenu bila majina ya watu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza majina ya urefu: shibiri, dhiraa na pima.